Kabla Hujaitukana Kampuni: Namna ya Kupakua Faili katika Vila ya Kugawana, Doha

Saa mbili na nusu usiku, katika nyumba za kugawana ambazo Waafrika Mashariki tunapanga Najma, Al Mansoura na Fereej Bin Mahmoud, hakosekani mtu anayeitukana kampuni ya intaneti. Faili lake limegota kwenye asilimia 37 na kompyuta inamwambia zimebaki siku mbili. Ameshaizima ruta na kuiwasha mara kadhaa, na kila akiizima vyumba vyote vinapiga kelele. Sasa amehitimisha kwamba kampuni ni wezi na anatafuta watu wa kumuunga mkono.

Mwongozo huu ni wake, na wa wenzake wanaolala naye chumba kimoja. Unaanza na habari ambayo hataipenda: mara nyingi ugonjwa umo ndani ya nyumba, tena mara nyingi umo ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Lakini ni ugonjwa unaotibika usiku huuhuu, bila fundi na bila kutoa riyali hata moja.

Tuanze na hesabu, maana ugomvi mwingi huishia hapo. Kampuni mbili zinazouza intaneti ya majumbani Qatar, Ooredoo na Vodafone, hutangaza kasi kwa megabiti. Programu ya kupakulia huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, hata mambo yakimnyookea kabisa, ataona megabaiti 12 na nusu kwa sekunde, na kwa kawaida 11 hivi, kwa sababu sehemu ya njia huliwa na anwani na taarifa za safari. Mtu akiona 11 kwenye skrini akaanza kulalamika kwamba anaibiwa 89, mwambie amshukuru Mungu akalale. Faili la gigabaiti 4 kwa kasi hiyo huisha kwa dakika sita. Andika hesabu hii kwenye karatasi uibandike ukutani juu ya ruta. Itazuia mabishano kuliko mkutano wowote wa wapangaji.

Kama hesabu imefanyika na bado kasi ni ya konokono, chukua kompyuta uende ilipo ruta. Usipime ukiwa kitandani. Chomeka waya wa mtandao moja kwa moja, waombe wenzako dakika tano za subira, zima programu zote, VPN ikiwemo, kisha pima. Ukipata kasi mnayolipia, au karibu nayo, kampuni imetoka kizimbani na kesi inarudi nyumbani. Ukiwasha VPN kasi ikaanguka, jibu unalo: faili lako linazungushwa nchi nyingine kabla ya kukufikia.

Hapo kwenye ruta inama uukague waya wenyewe. Katika vila hizi waya hupitishwa chini ya mlango, ukabanwa na mlango huo kila alfajiri watu wanapokimbilia basi la kazini, ukakunjwa nyuma ya kabati la viatu, ukakalishiwa gunia la mchele. Ndani yake mna nyaya ndogo nane, jozi nne zilizosokotwa: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kasi ya megabiti 1,000 inazihitaji jozi zote nne. Kasi ya 100 inahitaji mbili tu. Jozi ya buluu au ya kahawia ikikatika, ruta na kompyuta hukubaliana kimyakimya kushuka hadi 100; taa zinaendelea kuwaka, hakuna onyo lolote, na nyumba inayochangishana kulipia megabiti 500 inaishi na 100 miezi mingi. Kwenye Windows, fungua hali ya muunganisho wa Ethernet usome kasi iliyoandikwa. Ikiwa ni 100/100 pale ambapo ingepaswa kuwa 1000/1000, badilisha waya kwanza. Isipobadilika, chunguza matundu ya ruta. Ruta za zamani zina matundu ya megabiti 100 tu.

Sasa waifai. Nyumba za Doha zimejengwa kwa matofali ya saruji na nguzo zenye nondo, na mkongo wa faiba huingilia pale alipopenda mwenye nyumba, kwa kawaida karibu na mlango wa mbele au kwenye majlisi. Ruta ikawekwa hapohapo, chini, ndani ya kabati ili ionekane nadhifu. Aliye chumba cha nyuma ghorofani anapokea mawimbi yaliyovuka kuta tatu. Kuta za jasi zilizoongezwa kugawanya vyumba hazina madhara makubwa. Saruji ndiyo inayomeza. Halafu kuna ile karatasi ya alumini tunayobandika madirishani kuzuia jua la Julai: inazuia jua vizuri, na mawimbi inayazuia vilevile. Kioo kikubwa cha kabati la nguo hufanya kazi hiyohiyo. Itoe ruta kabatini, ipandishe juu ya rafu, iweke katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Isiwekwe kwenye baraza lililofungwa wala stoo isiyo na kiyoyozi. Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 40, na kiangazi cha Doha hupita hapo kabla ya adhuhuri.

Ruta yako pengine inarusha mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 yanafika mbali na kupenya ukuta, lakini yana msongamano mkubwa, kwa sababu njia zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na majirani wa Al Mansoura wote wamo humo pamoja na oveni za maikrowevu. Yale ya gigahezi 5 yana nafasi na kasi, ila yanachoka haraka yakikutana na saruji. Ingia kwenye mipangilio, yape majina mawili tofauti, na anayepakua mafaili makubwa akae karibu na ruta kwenye 5. Kile kifaa cha kurudia mawimbi ambacho watu hununua kwa matumaini makubwa hupokea na kutuma kwa njia ileile, kwa hiyo vile vya bei nafuu hukata kasi karibu nusu. Fedha hiyo bora inunue waya mrefu na ruta ya pili ya kuwekwa ghorofani.

Mpaka hapa nimezungumzia vyuma na saruji. Ugonjwa mkubwa wa nyumba zetu hauko huko. Uko kwenye neno ambalo mpakuaji halitazami kabisa: kupakia, yaani data zinazotoka.

Kwanza tukumbuke saa. Doha na Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, zote ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Saa mbili usiku hapa ni saa mbili usiku kule. Kwa hiyo muda ambao walinzi wa zamu ya mchana wamerudi, madereva wameegesha, dada wa usafi wameoga na kuvua sare, ndio muda ambao watoto nyumbani wamekula na wako karibu na simu. Nyumba nzima inapiga simu za video kwa wakati mmoja. Na simu ya video, tofauti na kutazama filamu, inahitaji njia ya kutoka: sura yako lazima isafiri hadi Kisumu. Ndipo unaposikia kwenye ngazi:

"Nani anavuta neti huko?"

"Sijui, dada. Mimi napakua kidogo tu."

"Basi simamisha kwanza, kaka yangu. Nimempata mtoto hewani, hajaniona wiki nzima."

Huyo kaka anasema kweli anavyoelewa. Programu yake ya torenti inaonyesha anapakua kilobaiti 300 tu kwa sekunde. Asichokiona ni safu ya pili ya namba, ambako programu hiyohiyo inapakia kwa nguvu zote za laini.

Ili aelewe, inabidi ajue jinsi torenti inavyofanya kazi. Bram Cohen alitoa BitTorrent mwaka 2001 kwa wazo moja jepesi: badala ya watu elfu kuvuta faili kutoka kwenye seva moja mpaka ichoke, faili likatwe vipande, na kila aliyepata kipande awagawie wenzake. Programu hutazama kila sekunde kumi ni nani anayeigawia vizuri, na hao ndio inaowarudishia kwa wingi. Kila sekunde thelathini hujaribu mtu mpya kwa kumpa bahati. Ukizuia kabisa kupakia, wenzako wanakuona bahili, wanakufungia mlango, na faili lako linakwama. Ukiacha kupakia bila kikomo, laini inajaa upande wa kutoka, na faili lako linakwama pia.

Hili la pili huwashangaza watu, kwa hiyo nilieleze taratibu. Kwa kila pakiti chache zinazokufikia, kompyuta yako hutuma ujumbe mdogo wa kusema nimepokea, leta nyingine. Kupakua kwa megabiti 100 kunahitaji takriban megabiti 2 za kutoka kwa ajili ya risiti hizo peke yake. Sasa fikiria bafu moja la vila saa kumi na moja alfajiri. Aliyetaka kunawa uso tu, kazi ya nusu dakika, anasimama nyuma ya watu wanne wenye ndoo na sabuni. Risiti zako ndizo zinazotaka kunawa uso. Vipande vya torenti ndivyo vyenye ndoo. Risiti zikichelewa, anayekutumia anadhani huko kwako kuna matatizo na anapunguza mwendo. Umejifungia mlango mwenyewe, na dada wa chumba cha juu anamwona mwanawe akigeuka vibao vya rangi.

Ruta huongeza tatizo kwa nia njema. Zimejengewa akiba kubwa ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri, ili zisipotee. Akiba ikijaa, kila pakiti mpya inangoja nyuma ya zote zilizotangulia. Unaweza kulishuhudia hili kwa macho yako. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping 8.8.8.8 -t, uangalie milisekunde. Nyumba ikiwa imetulia utaona namba ndogo. Washa torenti bila kikomo usubiri nusu dakika. Namba zikipanda hadi mamia, umemkamata mwizi, na hakutoka kampuni yoyote.

Dawa ni hii. Pima kwanza kasi ya kupakia ya laini yenu, peke yake, kwa waya. Tuseme umepata megabiti 20. Hizo ni kilobaiti 2,500 kwa sekunde. Ingia kwenye mipangilio ya programu, iwe qBittorrent au Transmission, uweke kikomo cha kupakia kiwe robo tatu ya hapo ukiwa unaishi peke yako: kilobaiti 1,900 hivi. Katika nyumba ya kugawana, shuka hadi robo. Wagawie wenzako wa mbali kilobaiti 600, na zinazobaki ziende kwa walio chini ya paa moja nawe. Utashangaa kuona kupakua kwako kunapanda mara tu kupakia kunaposhuka. Programu zote mbili zina kikomo cha pili kinachofuata saa; Transmission imekiwekea alama ya kobe. Amuru kobe aanze saa kumi na moja jioni na apumzike saa sita usiku. Siku za mapumziko, Ijumaa na Jumamosi, aanze asubuhi, maana simu za siku hizo hazina muda maalumu.

Punguza pia idadi ya miunganisho. Wapo wanaoandika 2,000 kwa imani kwamba wingi ni kasi. Ruta ya kawaida ya nyumbani inakumbuka kila muunganisho kwenye jedwali lake. Likijaa, kurasa zinagoma kufunguka nyumba nzima na ruta inaweza kujizima. Miunganisho 200 inatosha, na 50 kwa kila torenti. Wala usipakue torenti kumi kwa pamoja. Panga foleni, mbili mbili. Na kwenye orodha ya itifaki hakikisha uTP imeruhusiwa. Hiyo hutumia utaratibu uitwao LEDBAT, uliochapishwa rasmi mwaka 2012, ambao hupima ucheleweshaji na kurudi nyuma wenyewe ukiona wengine wanataka njia. Kuna ustaarabu umeandikwa ndani ya programu, uwashe.

Kama nyumba yenu ni kubwa na mnaweza kuchanga, nunueni ruta inayoweza kupanga foleni kwa haki. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu yao ya CoDel mwaka 2012, na toleo lake la fq_codel limo kwenye OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Unaiambia kasi ya laini yenu, ukipunguza kama asilimia kumi, nayo inahakikisha mwenye simu ya video hangoji nyuma ya mwenye faili. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu bora kabisa ambacho wapangaji kumi wanaweza kununua pamoja, kabla ya televisheni na kabla ya kochi jipya la sebuleni.

Wakati mwingine kila kitu ndani ni kizuri na faili bado linatambaa. Tazama idadi ya wenye faili kamili. Wakiwa wawili, na mmoja wao yuko kwenye laini mbovu upande mwingine wa dunia, hakuna mpangilio utakaokusaidia. Tafuta chanzo kingine. Tazama pia anwani. Kampuni nyingi, hasa kwenye intaneti ya nyumbani inayotumia laini ya simu ya 5G, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ingia kwenye ruta usome anwani iliyopewa. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, uko kwenye kundi hilo. Maana yake wewe unaweza kuwaendea wengine, wao hawawezi kukuanza wewe. Utapakua, ila kwa watu wachache zaidi. Hapo kufungua mlango kwenye ruta, kama wanavyoshauri mafundi wa nyumbani, hakuongezi kitu.

Kuhusu unachopakua nitasema wazi. Qatar ina Sheria Na. 7 ya mwaka 2002 ya hakimiliki na Sheria Na. 14 ya mwaka 2014 ya makosa ya mtandaoni, na adhabu zake ni faini na kifungo. Laini ya vila imeandikishwa kwa QID, yaani kitambulisho cha Qatar, ya mtu mmoja. Ukivuta filamu za wizi, anayejibu ni yule aliyejitolea jina lake ili nyote mpate mtandao, na ukaazi wake ndio unaowekwa rehani. Usimfanyie hivyo ndugu yako. Torenti halali zipo tele: Ubuntu na LibreOffice hutolewa kwa njia hiyo, Internet Archive imekuwa ikitoa mafaili yake kwa torenti tangu 2012, na Kiwix wanatoa Wikipedia nzima ya kusomwa bila intaneti. Ile ya Kiingereza yenye picha inafika takriban gigabaiti 100. Kwa laini ya megabiti 100 iliyotulia ni saa mbili na nusu, jambo la usiku mmoja, na asubuhi unayo maktaba ya kupeleka shule ya kijijini kwenu ambako bando la mwalimu haliwezi kufikia kiasi hicho hata kwa mwaka.

Na hapo tuiguse bahari, maana mafaili yetu mengi yanatoka nyumbani: video ya harusi ya Mombasa, mkanda wa mazishi, picha za kiwanja kinachojengwa. Kutoka Doha hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 3,500, na mwanga ndani ya mkongo ungekwenda na kurudi kwa milisekunde 35. Mkongo wa TEAMS, uliozinduliwa 2009, unatoka Mombasa na kuibukia Fujairah, jirani kabisa na hapa. Lakini data hufuata mikataba ya kampuni, na mara nyingi faili la Mombasa huweza kupanda hadi Ulaya kupitia Bahari ya Shamu kisha likashuka tena kwetu. Andika tracert na anwani ya seva ya nyumbani uone limepitia miji gani. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Kenya, Tanzania na Uganda ikazorota kwa siku kadhaa. Miezi kama mitatu kabla ya hapo, mikongo kadhaa, AAE-1 inayotua Qatar ikiwemo, ilikatika katika Bahari ya Shamu. Septemba 2025 ikatokea tena karibu na Jeddah. Tovuti za hapa zikifunguka kama umeme huku za nyumbani zikiburuta, na majirani wa kampuni ile nyingine wanalalamika hivyohivyo, iache ruta ipumzike. Fuatilia habari za mikongo.

Kwa mzigo mkubwa kabisa, kuna njia ambayo kila mtu wa Doha anayo: mtu anayekwenda likizo. Diski ya terabaiti 1 ndani ya begi, safari ya saa sita kutoka mlango hadi mlango wa ndege, ni sawa na laini ya megabiti 370 kwa sekunde isiyokatika hata mara moja. Ifunge vizuri ndani ya nguo, uiweke kwenye begi la mkononi.

Kuna kosa jingine ambalo linaniuma kwa sababu ni rahisi sana kulikwepa. Wawili wako chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Mmoja ana video ya gigabaiti 2 kwenye simu, anamtumia mwenzake kwa WhatsApp. Video inapanda hadi seva ya mbali, inashuka tena kupitia laini ileile, na nyumba nzima inaelemewa kwa ajili ya safari ya mita moja na nusu. Tumieni LocalSend au Syncthing. Faili litapita kwenye ruta bila kugusa mkongo wa nje hata kidogo, na kwa mawimbi ya gigahezi 5 litakwisha kabla chai haijachemka. Kama vifaa vyenu havionani, mmoja wenu yupo kwenye mtandao wa wageni wa ruta, ambao kwa kawaida umefungwa ili vifaa visionane. Hamieni kwenye mtandao mmoja. Waya wa USB nao haujawahi kumwangusha mtu.

Kabla sijafika mwisho, ikague diski. Flashi za bei rahisi huanza kwa mbio kisha zinachoka, na torenti, kwa kuandika vipande huku na huko, huzichosha zaidi. Pakua kwenye diski ya ndani, halafu nakili. Na kama faili linakataa kila likifika karibu na gigabaiti 4, hilo halihusiani na intaneti: flashi yako ina mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalofikia gigabaiti 4. Hamisha vilivyomo, iumbize upya kwa exFAT, uendelee.

Ukishapitia yote haya, na kwa waya, kwenye ruta, nyumba ikiwa imetulia, bado hupati kasi mnayolipia, sasa una haki kamili ya kulalamika, na safari hii utasikilizwa. Pima mara tatu kwa siku tofauti: alfajiri, adhuhuri na saa tatu usiku. Piga picha ya kila kipimo, tarehe na saa zikionekana. Wapelekee kampuni kwanza, kwa maandishi, na uitunze namba ya lalamiko watakayokupa. Wasipokutatulia, nenda kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano, iliyoundwa mwaka 2014, ambayo hupokea malalamiko ya wateja na ina programu yake ya simu iitwayo Arsel. Andika kwa ufupi: kifurushi ni cha kasi gani, vipimo ni hivi, vimechukuliwa kwa waya, namba ya lalamiko la kwanza ni hii. Na kama aliyeandikisha laini yuko likizo Kakamega, mpigie kabla ya yote, kwa sababu watakayetaka kuzungumza naye ni yeye, na QID watakayoiuliza ni yake.